Mbwa Amepanda Lifti: Tuongee Kuhusu Hanesi

Asanteni, asanteni, kaeni tu. Naomba yule ako na Rotwaila pale nyuma asogee kidogo upande wa dirisha, kwa sababu huyu Chihuahua wa mama hapa mbele ameanza kutafuta vita asiyoiweza. Haya.

Mimi sio daktari wa mifugo, nimesema mapema ndio mtu asije akaniuliza dozi ya minyoo. Mimi ni fundi wa ngozi, nimekaa Kariokor miaka mingi nikishona sandali na mishipi, na haya mambo ya hanesi, ile mishipi mbwa anavalishwa kidarini na mgongoni badala ya kufungwa kamba kwa kola ya shingo, yalinipata tu, mteja mmoja wa sandali aliniletea hanesi ya dukani imeng'oka pete akaniuliza kama naweza kuirudisha, nikairudisha, akaleta jirani, jirani akaleta shemeji yake, na leo sandali nazishona nikipata nafasi. Kwa hivyo vile naongea hapa ni vitu nimeona kwa mkono, kwa tepu ya kupimia, na kwa kuumwa mara mbili. Sio, mara tatu, ile ya Pasaka nilikuwa nimeisahau.

Sasa tuseme ukweli, sisi watu wa Nairobi hatukuwa na haja ya hanesi. Mbwa wetu alikuwa wa geti. Alikuwa anaitwa Simba ama Tommy, mchana yuko kwa banda, usiku anafunguliwa anazunguka kompaundi hadi asubuhi, na nje kuna kibao kimeandikwa MBWA KALI, hata ile "m" ya "mkali" hatukuweka na mwizi alielewa. Mbwa huyo hakujua barabara. Kamba aliiona siku ya chanjo tu, na siku hiyo ilikuwa ni vita, watu wawili wanavuta, mmoja anasukuma.

Kilichobadilika ni nyumba. Watu wamehamia maghorofa, Kilimani, Kileleshwa, Ruaka, Syokimau, na mbwa amehama nao. Mbwa wa ghorofa ya saba hana kompaundi, lazima ashuke na lifti, apite kwa soja, apite kwa watoto wanaocheza kwa parkingi, avuke barabara yenye bodaboda, na akienda msitu wa Karura sheria ya pale ni mbwa awe kwa kamba. Hapo ndio kola peke yake ilianza kutushinda. Na ndio hapo pia aina za mbwa zilibadilika, kwa sababu Jamani Shepadi wa kilo 35 kwa nyumba ya chumba kimoja, mmoja wenu atahama.

Kwa hivyo siku hizi nani naona kwa meza yangu? Japanizi Spitz, wengi sana, wale weupe kama pamba. Malteze na Chihuahua. Haski, jameni, Haski wameongezeka na mimi bado nashangaa. Wale wa Frenchi bado ni wachache hapa kwa sababu ya bei, lakini huko nje ndio wamekuwa wafalme, mwaka wa 2022 kule Marekani Frenchi Bulidogi ndiye aliongoza kwa orodha ya American Kennel Club, chama chao cha kusajili mbwa, akampindua Labrado aliyekuwa amekalia hicho kiti miaka 31. Na wakubwa bado wako, kule Karen na Runda na Kitengela watu wananunua Boeboli kutoka Afrika Kusini, na kampuni za ulinzi wanapenda Malinwa, yule Mbelgiji wa kutoka mji wa Mechelen.

Sasa swali kila mtu ananiuliza akifika ni moja, "fundi, hanesi gani ni poa?" Na mimi pia huwa namuuliza swali moja. Babu ya huyu mbwa alikuwa anafanya kazi gani?

Wanacheka. Lakini sikiza.

Haski. Babu yake alikuwa Siberia kwa watu wa Chukchi anavuta sleji kwa barafu. Mwaka wa 1925 pale Alaska mji wa Nome ulipatwa na ugonjwa wa koo, dondakoo, dawa ikapelekwa na mbwa kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa baridi ya kuua, timu zinapokezana, na mbwa mmoja anaitwa Togo timu yake ilikimbia kipande kirefu kuliko zote. Huyo ndiye umemleta Kileleshwa. Sasa hanesi ya sleji imetengenezwaje? Inakumbatia kidari, kamba inatokea nyuma, uzito unasambaa mwili mzima ndio mbwa avute siku nzima bila kuumia. Halafu wewe unaenda dukani unanunua hanesi ya pete mgongoni, imekaa vizuri, ina sponji, unamvalisha Haski, unashika kamba, halafu unakuja kwangu unalalamika ati anavuta. Buana, umemvalisha yunifomu ya kazi! Kola ilikuwa inamkaba kidogo, sasa umemtolea hata hiyo kero, atavuta hadi Naivasha.

Mbwa wa kuvuta mtafutie yenye pete mbele, pale katikati ya kidari. Akivuta, kamba inamgeuza ubavu, anajikuta anakuangalia wewe, na mbwa hawezi kuvuta mbele akiwa ameangalia nyuma. Si dawa kamili, lazima umfunze pia, usiende nyumbani useme fundi aliahidi. Haski wa bwana mmoja alijifunza kutembea na pete ya kidari kwa wiki mbili, halafu mwenyewe akaona amefaulu akarudisha kamba kwa pete ya mgongoni, wakaanza upya.

Rotwaila pia, wengi hawajui, tunamjua kama mlinzi lakini kule mji wa Rottweil Ujerumani alikuwa anavuta mikokoteni ya wachinjaji. Huyo pale dirishani ni wa ukoo wa mkokoteni. Kwa hao wazito, Rotwaila, Boeboli ambaye anaweza kupita kilo 60, mimi siangalii rangi wala sponji, naangalia mahali pete imeshonwa. Pindua hanesi uangalie kwa ndani. Kama uzi ni mstari mmoja tu, irudishe. Tafuta mshono wa boksi, mraba wenye msalaba katikati. Na kama bizimu ni ya plastiki nyepesi, weka kwa kiganja uikunje kidogo, ikilia kri kri hiyo ni ya paka. Mshipi uwe mpana, sentimita 4 ama 5, mwembamba unakata kama waya.

Sasa hawa wadogo. Chihuahua, Yorki, Pomerani, hawa wana shida ya bomba la hewa, lile koromeo ni laini na kuna wengine linajikunja ndani, utasikia anakohoa kama bata. Mbwa kama huyo kola ni ya kuning'iniza namba ya simu tu, kamba isiguse shingo kabisa. Na sio wadogo peke yao, kuna utafiti wa 2006 watu walipima presha ya macho ya mbwa wakivuta, wakivuta kwa kola presha inapanda, kwa hanesi haikupanda. Kwa hivyo mwenye mbwa wa shida ya macho hilo nimewaambia.

Frenchi naye shida yake ni pua. Anapoza mwili kwa kuhema na pua ni fupi, hewa inapita kwa taabu. Watu wanamnunulia zile za fulana, nene, za velkro, ati ni za kupendeza kwa picha. Jua la Februari saa saba mchana na fulana ya sponji? Huyo mpe mishipi tu, myepesi, sehemu ya mbele ikae chini kwa mfupa wa kidari isipande kooni, na umtembeze asubuhi. Sina mengi kwa Frenchi.

Nina mengi kwa Spitz, kwa sababu Spitz aliniaibisha.

Mama mmoja aliniletea Spitz wake, nikachukua tepu nikapima juu ya manyoya, vile mtu anapima mto. Nikashona kitu kizuri sana, ngozi nyekundu, pete za shaba, mama akafurahi akalipa na akaniongezea ya soda. Jioni hiyo hiyo wanatoka getini, bodaboda ikapiga honi, mbwa akashtuka, na mbwa akishtuka hakimbii mbele, anarudi nyuma, anainamisha kichwa, anakunja mabega, na hanesi yangu yote ikabaki kwa kamba kama ngozi ya nyoka. Mama ameshika hanesi. Mbwa hayuko. Walimpata saa tatu usiku kwa jiko la mutura, amekaa karibu na mwenye jiko, ametulia kabisa, na mimi nilirudisha pesa yote pamoja na ya soda.

Kosa lilikuwa langu. Chini ya yale manyoya Spitz ni mwembamba, ni kilo 5 hadi 10 hivi, nusu ya unachoona ni hewa. Sasa napima hivi: napenyeza tepu ndani hadi nisikie ngozi, nyuma ya miguu ya mbele, vidole vitatu nyuma ya kwapa ndio mshipi usimsugue, halafu pale shingo inaisha mabega yanaanza. Nikishafunga, vidole viwili vipite chini ya mshipi, viwili, sio mkono. Halafu, na hii hakuna duka litakuambia, simama mbele yake uvute kamba polepole kuja kwako, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Akitoka nyumbani mnacheka. Akitoka Ngong Road hamcheki.

Kuna swali nimeona kwa karatasi, kama ile ya umbo la Y kifuani ndiyo bora kuliko ile yenye mshipi umekata kidari kwa mlalo. Mimi nashona Y, napenda Y, bega liko huru zaidi kwa macho yangu. Lakini nisidanganye, 2019 watafiti walipima mbwa wakitembea na aina zote mbili, wakakuta zote zinapunguza mwendo wa bega, hata hiyo Y yangu. Ndio nasema hanesi ni ya matembezi, mkifika nyumbani toa. Msimlaze nayo, anasugulika kwapa, na akilowa na mvua ndio kabisa.

La mwisho ni huyu mnamuita koko, na mimi namuita wa kienyeji. Wengi wenu hapa hamtasema lakini ndiye mko naye, na ni mbwa safi, nguvu, hahitaji daktari kila mwezi. Shida yake ni kwamba saizi za madukani hazikukatwa kwa mwili wake. Kidari kimeshuka, kiuno kama nyigu, kichwa chembamba. Hanesi ikimtosha kidari, nyuma inapwaya, na huyo anajua kutoroka tangu tumboni mwa mamake. Kwake naongeza mshipi wa tatu, nyuma ya mbavu, pale kiuno kinaanza kuingia. Akirudi nyuma, kidari hakipiti. Fundi yeyote wa mikoba anaweza kukuongezea huo, hata si lazima uje Kariokor.

Dada mwenye Spitz, leta huyo mtoto hapa mezani. Mshike kichwa, mpe biskuti, aangalie wewe asiangalie tepu. Umesema ulinunua saizi ya ngapi? Ya 56? Haya, oneni wote, juu ya manyoya kweli ni 56. Sasa naingia ndani... tulia baba, tulia... 47. Nani ako na mkasi?