Pesa ya Uzazi Uingereza: Mnaosema "Unalipwa kwa Kulala", Njooni Hapa

Jamani, habari zenu. Karibuni tena jikoni kwangu, hapa hapa Leicester. Huo mngurumo mnaousikia nyuma ni mashine ya kufulia na siizimi, kwa sababu mtoto ndiyo kwanza kalala. Nikisubiri nguo ziishe ataamka, halafu nikose nguo na nikose video.

Leo sikupanga kuongelea pesa. Nilitaka kuwaonyesha duka nililopata unga wa muhogo. Ila tangu niliposema nimerudi kazini, komenti zimekuwa wimbo mmoja: "Dada, si huko mnapewa mwaka mzima na mnalipwa? Mbona unalialia?" Mwingine kaandika, "Unalipwa kwa kulala, bado unataka huruma." Huyo nimembandika juu kabisa, mumsome.

Najua nitakachoambiwa. Nikitaja hela, najisifu. Nikisema haikutosha, naringa, nimesahau nilikotoka. Sijasahau. Nimekulia Morogoro, namjua mama lishe wa Msamvu aliyerudi kwenye sufuria mtoto hajafikisha mwezi, na hakulipwa na mtu hata shilingi. Kwa hiyo sishindani na mtu shida. Naeleza yaliyonikuta mimi, mwenye viza ya kazi ya kulea wazee, na mume aliyekuja kama tegemezi wangu. Mwenye pasi ya hapa hesabu zake ni nyingine. Nesi wa hospitali za serikali naye mkataba wake ni mwingine, tena mzuri kuliko wangu mara kumi. Usichukue ya kwangu ukaenda nayo kwa bosi wako ukasema dada fulani kasema.

Haya. Likizo ni wiki 52, hapo hamkukosea. Zenye malipo ni 39. Sita za mwanzo unapata asilimia 90 ya wastani wa mshahara wako, halafu wiki 33 zinazofuata unapata kiwango kimoja tu, labda kama hiyo asilimia 90 yako iko chini ya hapo. Mwaka wangu kilikuwa pauni 184.03 kwa wiki. Aprili 2025 kikapanda, kikawa 187.18. Zile wiki 13 za mwisho ni wewe na Mungu wako.

Sasa najua mmeshatoa kalkuleta. Pauni 184 kwa wiki ni kama 797 kwa mwezi, zidisha kwa shilingi elfu tatu na mia tatu, milioni mbili na laki sita! Kwa kukaa nyumbani! Sasa endeleeni kuzidisha, msiishie hapo. Kodi ya nyumba yetu ni pauni 875. Zidisha na hiyo.

Mwalimu mmoja wa huko nyumbani ameniandikia kwa adabu kabisa kwamba wao wanapata siku 84, mia moja kama ni mapacha, na mshahara wao kamili. Mwalimu, asante. Wewe miezi yako ni michache lakini hela yako haishuki ngazi katikati. Mimi slipu ya Juni ilikuwa na sura ya mtu. Ya Julai nikaifungua usiku nikinyonyesha, mwanga wa simu umepunguzwa, nikadhani ni slipu ya mtu mwingine wametuma kwa makosa. Nikamwamsha mume wangu. Akaangalia, akasema, "Jina ni lako." Akalala.

Na hata hiyo asilimia 90 niliipata imepungua. Wastani wanaoutumia si wa mwaka, ni wa takribani wiki nane, na zinaishia wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua. Mimi nilitarajiwa Mei 2024, kwa hiyo kwangu ilikuwa mishahara iliyoingia Desemba na Januari. Desemba ile nilikuwa natapika hata maji. Nikaacha shifti, nikakataa ovataimu zote za Krismasi, nikabaki kitandani na ndoo. Hakuna aliyeniambia kwamba miezi ile ndiyo ilikuwa inanipimia hela ya uzazi. Wastani ukashuka kutoka kama pauni 430 hadi 350 kwa wiki. Piga mwenyewe, kwa wiki sita ni pauni 400 na kitu zimepotea. Simwambii mjamzito ajiue na kazi, mimi mwenyewe nisingeweza hata kama ningejua. Lakini kuna dada zangu mko na miezi minne sasa hivi, mna nguvu, na mnakataa ovataimu kwa sababu tu mmechoka na yule mama wa chumba namba tisa. Basi angalau ujue unachokikataa.

Halafu karatasi. Ukifika wiki ya 20 mkunga anakupa cheti kinaitwa MATB1, unampelekea mwajiri. Nilipeleka. Meneja wetu akakiangalia kama risiti ya soko, akasema nyie wa viza hamstahili, hizo ni fedha za umma. Nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Na hapa ndipo wengi wetu tunaliwa, kwa sababu kweli kwenye karatasi zetu za ukaazi imeandikwa hatuna haki ya fedha za umma, na tunaogopa kugusa chochote viza isije ikaharibika. Dada mmoja wa Zimbabwe, tunafanya naye zamu, ndiye aliyenitoa tongotongo. Akasema hiyo ya uzazi inayopita kwa mwajiri haimo kwenye orodha ya fedha za umma, unaipata kwa sababu umefanya kazi na umefikisha muda na kipato wanachotaka. "Usibishane naye," akaniambia. "Muombe kwa barua pepe akupe fomu ya SMP1."

Hiyo SMP1 ni fomu ambayo mwajiri anayekataa kukulipa lazima akuandikie sababu. Nikatuma barua pepe ya mistari mitatu, na wa maana ulikuwa mmoja. Siku mbili baadaye nikajibiwa kwamba kulikuwa na "kutoelewana" na malipo yangu yako sawa. Sikuombwa radhi. Namshukuru Mzimbabwe wangu hadi leo, na nikipika pilau la maana bakuli lake linatoka kwanza.

Zilizo fedha za umma kweli ni zile za mtoto za kila wiki, zilikuwa pauni 25.60 kwa mtoto wa kwanza. Hizo sisi hatugusi. Kila mkunga na kila nesi aliyekuja nyumbani aliniuliza kwa upendo, "Umeshaomba hela ya mtoto?" Unaanza kumweleza mtu kwenye sebule yako mwenyewe kwa nini mwanao hahesabiki. Na wale mnaoniandikia "hongera, mtoto kapata pasi ya Uingereza", hapana. Tangu 1983 kuzaliwa hapa peke yake hakukupi uraia, mpaka mzazi mmoja awe raia au ana ukaazi wa kudumu. Wangu ni Mtanzania wa Leicester, basi.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, kuna kizuri nilichopata. Mjamzito, na mwaka mzima baada ya kujifungua, dawa za kuandikiwa ni bure na meno ni bure, viza au si viza. Kuna jino nimetoka nalo Moro likiuma upande wa kushoto. Wameliziba. Nilitafuta daktari wa meno anayepokea wagonjwa kwa wiki tano, lakini wameliziba.

Sasa nije kwenye kosa langu, hili siwezi kumsukumia meneja. Mimi na wenzangu tuna mchezo wa upatu, tuko kumi, pauni 150 kila mwezi, kijumbe wetu yuko Northampton, mwanamke wa chuma, hacheleweshi hata siku. Mzunguko ulianza Februari 2024. Mimi na tumbo langu nikaomba namba mbili, nipokee Machi kabla mtoto hajaja. Nikapokea 1,500 yangu safi. Nikanunua kigari cha mtoto cha magurudumu makubwa kama cha kwenda Mikumi, kitanda, na nguo za mtoto wa siku sifuri ambazo alizivaa wiki mbili. Aprili ikaisha na hela ikaisha. Halafu kuanzia Julai mpaka Novemba nikawa natoa 150 kila mwezi kutoka kwenye ile 797. Ningeomba namba tisa, 1,500 ingenikuta Oktoba nikiwa nachunguza mifuko ya makoti. Vigari vilivyotumika huku watu wanagawa, mtoto hajui tofauti.

Ndiyo kipindi hicho nilipoacha kutuma nyumbani. Nilikuwa natuma pauni 60 kwa mama, na ada ya mtoto wa kaka. Ya mama ya dawa za presha niliendelea nayo, ya ada nikasema nisubirini mpaka Machi. Kaka yangu akaandika kwenye grupu la familia, mbele ya mashangazi wote: "Uzazi nao siku hizi umekuwa kisingizio." Sikujibu. Nilijifungua bila mama, arobaini yangu sikukandwa, uji wa pilipili manga kanipikia mume wangu akiangalia video, ukawa na mabonge kama kokoto, nikaunywa wote. Kaka, najua unaangalia. Machi ilifika na ada nimetuma.

Tuendelee, nimepanda juu bure.

Kilichoniokoa ni kitu ambacho hakuna ofisi iliyonitamkia. Ukiwa kwenye likizo ya uzazi, ile likizo yako ya kawaida ya mwaka inaendelea kujikusanya. Wiki 39 zangu zilinizalishia zaidi ya wiki nne. Kwa hiyo malipo ya uzazi yalipokata mwezi wa pili, nikaomba hizo nizitumie mfululizo kabla ya kurudi, na zinalipwa mshahara mzima. Wiki nne nyumbani na mtoto, kwa mshahara. Ninyi wa "kulipwa kwa kulala", hapo sasa ndipo nililala. Kuna pia zile siku kumi za kwenda kazini kidogo bila kuvunja likizo. Mimi nilienda sita na mwajiri alinilipa siku nzima juu ya hela ya uzazi, ila wengine wanakatwa, kwa hiyo kubaliana kwa maandishi kwanza.

Nikarudi katikati ya Machi. Mtu asikudanganye kwamba likizo ndiyo ghali. Dei kea yetu ni pauni 62 kwa siku. "Si uchukue dada wa kazi?" Nani anayeniuliza hivi? Siku moja ya dei kea hapa ni mshahara wa dada wa miezi miwili huko. Tangu Septemba 2024 wazazi wanaofanya kazi England walianza kupewa saa 15 za bure kwa wiki mtoto akifika miezi tisa, na Septemba 2025 zikawa 30. Sisi wawili wa viza hatumo. Zetu ni zile za watoto wote, nazo tunazisubiri mpaka afikishe miaka mitatu.

Mwenzangu kazini, mzaliwa wa hapa, kajifungua mwezi mmoja na mimi. Aliomba apunguziwe saa, akapewa, yuko siku mbili kwa wiki. Na mimi kuomba ni haki yangu. Lakini mimi saa zikipungua mshahara unashuka chini ya kiwango cha viza, na anayenidhamini viza ni huyo huyo mwajiri. Kwa hiyo sikuomba.

Tunavyoishi ni hivi, na siwashauri, ni sisi tu. Mume wangu yuko ghala la mizigo, usiku. Mimi nachukua Jumamosi, Jumapili na Jumatano, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na nyongeza ikitokea. Mtoto dei kea siku mbili, ili baba naye apate kulala. Dei kea inafunga saa kumi na mbili jioni, anamchukua yeye, mimi nafika saa mbili na nusu, tunakabidhiana mtoto mlangoni kama walinzi wa benki: kala, kaogeshwa, jino linatoka, kwaheri. Maziwa nakamua mchana kazini kwenye stoo ya pampasi za wazee, nimekalia boksi, mlango nimeubana kwa mguu kwa sababu haufungi. Nimeomba chumba. Wanasema wanaliangalia.

Kwenye mshahara wangu dei kea inachukua pauni 530 hivi kwa mwezi. Ndiyo hizo hesabu, mlitaka namba, hizo namba.

Kaamka. Mnamsikia? Sekunde moja, mwanangu.

La mwisho, kuna aliyeuliza mchezo bado nacheza. Nacheza, mzunguko mpya umeanza Februari hii na safari hii nimeomba namba kumi. Na kabla hamjaanza kunihesabia miezi kwenye komenti: hapana, sina mimba.