Pembe, Rangi na Mwendo wa Damu: Mhadhara kuhusu Kipimo cha Doppler

Waheshimiwa walimu wenzangu, ndugu wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie misingi ya ultrasaundi ya Doppler, yaani kupima mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni wa kazi hii, nililetewa mzee aliyekuwa akiumwa mguu kila anapotembea. Niliisimamisha probu, kile kifaa cha mkononi kinachotuma na kupokea mawimbi, wima juu ya ateri ya paja, nikawasha rangi zinazoonyesha mwendo wa damu kwenye skrini, na mshipa ukabaki mweusi tii. Nikaandika kwamba damu haipiti. Mkubwa wangu wa kazi alipofika hakuiangalia hata skrini. Aliweka vidole viwili juu ya paja, akaukuta mshipa unadunda, kisha akainamisha probu kidogo tu, na ateri yote ikajaa rangi. Pembe ndiyo iliyoniponza, na kwa sababu hiyo pembe itatuchukulia sehemu kubwa ya saa yetu ya leo.

Mtu anayesimama kando ya barabara kuu analijua jambo hili kwa masikio yake. Basi likija kwa kilomita 80 kwa saa huku likipiga honi yenye mitetemo 400 kwa sekunde, yeye hupokea mitetemo ipatayo 428 linapomkaribia, na ipatayo 376 likishampita, ilhali dereva anasikia honi ileile. Basi linayafukuza mawimbi yake lenyewe, kwa hiyo yaliyo mbele hubanana na yaliyo nyuma huachana. Christian Doppler, mwanafizikia mzaliwa wa Salzburg, alilieleza jambo hilo mjini Prague mwaka 1842 akitafuta sababu ya rangi za nyota pacha. Kuhusu rangi za nyota alikosea kwa sehemu kubwa, lakini kuhusu mawimbi alipata, na mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alilithibitisha kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, huku wanamuziki wenye masikio makini wakisikiliza kando ya reli. Tabibu alingoja zaidi ya karne moja: mwaka 1957 ndipo Shigeo Satomura wa Osaka alipochapisha njia ya kuchunguza kazi ya moyo kwa kanuni hii.

Ndani ya mwili, nafasi ya basi inashikwa na chembe nyekundu za damu, ila kuna tofauti moja ambayo wanafunzi huisahau kwenye mtihani. Chembe haina honi yake. Kwanza inalipokea wimbi la probu ikiwa katika mwendo, kama msikilizaji anayekimbia. Kisha inalirudisha ikiwa bado katika mwendo, kama mpiga honi anayekimbia. Badiliko linatokea mara mbili, na hapo ndipo inapotoka ile 2 ya kwenye kanuni: badiliko la marudio, yaani la idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi), ni sawa na mara mbili ya marudio yaliyotumwa, mara kasi ya damu, mara kosaini ya pembe kati ya mwale wa mawimbi ya probu na mshipa, yote yakigawanywa kwa kasi ya sauti mwilini, ambayo mashine huichukulia kuwa mita 1,540 kwa sekunde. Chukueni probu ya megahezi 5, damu inayokwenda nusu mita kwa sekunde, na pembe ya nyuzi 60. Jibu ni kama hezi 1,600. Sauti ya ultrasaundi yenyewe hatuisikii, lakini tofauti hii imeangukia ndani ya uwezo wa sikio la binadamu, ndiyo maana mashine inaweza kuitoa kwenye spika. Fungueni hiyo spika. Mpimaji mzoefu mara nyingi huusikia mshipa uliobana kabla hajauona.

Sasa pembe. Kosaini ya nyuzi 90 ni sifuri, kwa hiyo mwale unaokata mshipa wima hauleti badiliko lolote la maana hata kama damu inapita kwa kishindo. Hilo ndilo lililonikuta. Lakini hatari iliyojificha zaidi iko katika zile pembe zinazoleta jibu lenye sura ya ukweli. Ukiiambia mashine kuwa pembe ni nyuzi 60, kumbe ni 65, kasi utakayoandika itakuwa takriban asilimia 85 ya kasi halisi. Ukiiambia kuwa ni 80, kumbe ni 85, utaandika nusu. Kosa la mkono ni lilelile, nyuzi 5 tu, ila madhara yake yanakua kadiri mwale unavyokaribia kuwa wima. Ndiyo sababu tunasisitiza pembe isizidi nyuzi 60 katika kupima kasi, na mstari wa kurekebishia pembe, ule wa kwenye skrini unaoiambia mashine pembe, ulale sambamba na kuta za mshipa.

Rangi nazo zina udanganyifu wake. Kila mwaka husahihisha karatasi zinazosema nyekundu ni ateri na buluu ni vena. Kwa mpangilio wa kawaida, nyekundu ni damu inayokuja upande wa probu, na buluu ni ile inayoondoka. Kitufe kimoja kinatosha kuzibadilishana. Mshipa uliopinda chini ya probu unaweza kuonekana mwekundu, kisha mweusi, kisha buluu, na damu yote inaelekea upande mmoja.

Kuna pia mpaka wa kasi. Katika Doppler ya mapigo, mashine hutuma pigo, hungoja mwangwi, ndipo itume jingine. Kwa kina cha sentimita 10, kwenda na kurudi huchukua takriban sehemu 130 za milioni za sekunde, hivyo mapigo hayawezi kuzidi 7,700 hivi kwa sekunde, na badiliko linaloweza kupimwa bila utata ni nusu yake, yaani kama hezi 3,850. Damu ikizidi hapo, mashine huionyesha kana kwamba inarudi nyuma, kama pangaboi chini ya taa ya tyubu linavyoonekana kuzunguka kinyume. Tiba yake ni kupandisha idadi ya mapigo, kushusha mstari wa sifuri au kuchagua probu ya marudio madogo.

Kwenye vali za moyo zilizobana, hata hizo hazitoshi mara nyingi, na hapo hutumika Doppler ya mfululizo, ambayo haina mpaka huo lakini haikuambii kasi imetoka kina gani. Kasi ya mita 4 kwa sekunde kwenye vali ya aota, ateri kuu itokayo moyoni, ikizidishwa kwa yenyewe na kisha kwa 4, hutoa tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za vali ya milimita 64 za zebaki. Mwale ukipotoka nyuzi 20 tu, utaandika kama 56, na mgonjwa anayestahili kufikiriwa upasuaji anaweza kurudishwa nyumbani.

Wakunga waliomo humu watauliza: mbona kwenye kamba ya kitovu, iliyojisokota ovyo, hatuhangaiki na pembe? Kwa sababu pale tunagawanya kasi kwa kasi. Tunachukua kilele cha pigo, tunatoa kasi ya mwisho wa pumziko la moyo, tunagawanya kwa kilele, na kosaini, ikiwa juu na chini ya mgawanyo, inajifuta. Kondo la nyuma likiwa na afya, damu huendelea kwenda mbele hata moyo wa mtoto unapopumzika. Mishipa yake midogo ikiharibika, mkondo huo hupungua, hutoweka, na katika hali mbaya kabisa hurudi nyuma. Kabla hujaandika kwamba umetoweka, hata hivyo, tazama kichujio cha mwendo wa kuta za mishipa: kikiwekwa juu mno, huifuta damu iendayo polepole. Na hata hapa, mwale ukiwa karibu na wima, mkondo dhaifu utapotea. Inamisha probu upime tena.

Tukielekea chumba cha mazoezi, nina agizo moja. Doppler ya mapigo hukusanya nguvu nyingi mahali padogo na huweza kupasha tishu joto. Katika wiki za mwanzo za mimba, mapigo ya moyo ya mtoto yapimwe kwa njia ya M, inayochora mwendo wa moyo kwenye skrini bila Doppler, na spika, niliyoisifu hivi punde, ibaki imezimwa, hata mama akiomba kusikia.