Kuyatetea Maotea

Ndugu zangu, mwambie mkulima wa mahindi kwamba shamba lake lina maotea, atakunja uso. Mmea umejiotea, hakuna aliyeupanda, na dawa yake ni jembe. Mimi nimekuja kuyatetea maotea ya bustani ya maua, hasa majira ya kuchipua, baridi inapoiachia ardhi.

Mwaka jana nilikuta vayoleti imechanua kwenye ufa wa ngazi. Aliyeipanda ni sisimizi. Mbegu ya vayoleti ina kinundu chenye mafuta. Sisimizi huibeba mpaka shimoni, akala kinundu, mbegu yenyewe akaitupa jalalani kwake, penye rutuba. Mimi nilikuwa nimeshika jembe tayari, nikasita. Huko kusita ndiko ninakokuombeni. Jifunzeni sura ya majani ya miche kwanza, ndipo mpalilie.

Tazameni ua liitwalo akwilegia. Panda ya buluu karibu na ya waridi, waachie nyuki kazi ya kuchanganya chavua. Mbegu zikidondoka zikaota, miche huchanua aghalabu mwaka wa pili, na hapo utaona rangi ambayo hukuinunua popote. Ukikata vichwa vyote maua yanaponyauka, hupati kitu. Uvivu kidogo una faida, ingawa nyumbani kwangu hoja hii haijakubaliwa.

Lakini si kila la ghafla ni la heri. Tulipu ya rangi moja ikichanua na michirizi kama miali ya moto, usishangilie. Waholanzi wa karne ya 17 walizilipia tulipu za namna hiyo fedha za ajabu, hadi soko lilipoporomoka Februari 1637. Karne ya 20 ndipo ilipojulikana kuwa michirizi ile huletwa na virusi vinavyosambazwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Tunguu, yaani kile kinachofanana na kitunguu ambamo ua huchipuka, hudhoofika mwaka hadi mwaka, na jirani zake huambukizwa. Hiyo ing'oe, hata kama roho inauma.

Naona mkono kule nyuma. Mama anauliza: krokasi na nargisi, maua ya matunguu vilevile, zimefikaje katikati ya majani ya uwanja wake? Krokasi, kama kwenu wapo kindi, mshukiwa ni huyo. Hufukua matunguu na kwenda kuyaficha kwingine. Nargisi ina sumu, kindi haigusi. Hiyo, mama yangu, ulipanda mwenyewe ukasahau.