Gunia Hili Lina Kilo Ngapi?

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu mliomaliza mafunzo, hongereni sana. Kabla sijasema lolote, mnaliona gunia hili hapa mbele. Nimelitoa Kariakoo asubuhi hii kwa bajaji, na dereva kanitoza kama abiria wawili. Ubavuni limeandikwa kilo 50. Kila mmoja akisie uzito wake, aandike kwenye kikaratasi, atie mfukoni. Tutalirudia.

Nimeitwa nizungumzie kuanza urubani kwenye kampuni ndogo ya mizigo. Mmetoka chuoni na leseni ya rubani wa biashara, na saa 200 na ushei za kuruka kwenye daftari. Leseni ya juu, ile inayomkalisha mtu kiti cha kapteni wa ndege kubwa, inataka saa 1,500. Hizo zilizopungua hakuna wa kukugawia. Ndiyo maana wengi wetu tulianzia upande wa mizigo pale Kipawa, uwanja wa ndege wa Dar, saa kumi na moja alfajiri, taa ya kichwani, tukihesabu maboksi ya dawa na vipuri vya pikipiki. Mshahara? Usiupigie hesabu ya kiwanja.

Mimi nilianzia Cessna Caravan. Injini moja, rubani mmoja anaruhusiwa, na ni ndege mvumilivu kweli. Ila ina tabia moja: ukianza kupakia nyuma, inaketi kwa mkia kama mbwa. Kwa hiyo makuli wanaweka mguu wa chuma chini ya mkia, halafu mnaanza kupanga mbele. Siku ya kwanza niliusahau. Fundi alinitazama tu, akaenda kuuleta mwenyewe bila kunisemesha. Ningependa angenitukana.

Chuoni mlifundishwa kuruka. Huku kuruka ndiyo sehemu nyepesi ya siku. Abiria akikaa vibaya atahama, mkanda ukimbana atasema. Mzigo umenyamaza tu, na ukiteleza huko nyuma wewe ndiye wa mwisho kujua. Aprili 29, 2013, huko Bagram, Afghanistan, Boeing 747 ya mizigo iliruka ikiwa na magari ya kijeshi. Ikiwa bado inapanda, gari moja likachomoka kwenye mikanda yake, likarudi nyuma na kuvunja mitambo ya mkiani. Wote 7 waliokuwemo walikufa. Hao walikuwa watu wazoefu, si wageni kama mlivyo ninyi.

Halafu kuna lugha tatu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kitabu cha Caravan yangu kilisema pauni: uzito wa mwisho wa kuruka nao, pauni 8,750, kama kilo 3,970 hivi. Mizani ya ghala inasema kilo. Bomba la mafuta linasema lita, na lita moja ya mafuta ya ndege ina takribani kilo 0.8. Mwaka 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu watu walichanganya pauni na kilo wakati wa kujaza. Ikateleza bila injini hata moja mpaka Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi la anga, na ajabu ni kwamba wote walipona. Ilikuwa na marubani wawili, na hesabu ilipita mikononi mwa mafundi pia. Wewe alfajiri ile uko peke yako na kalamu.

Sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka magunia 18 kisiwani Mafia. Yameandikwa kilo 50, karatasi inasema kilo 900, nikatia sahihi. Kwenye njia ya kurukia, pua ilinyanyuka kabla sijaivuta. Nikaisukuma chini kwa mikono miwili, ndege ikapanda kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani. Njia ya Dar ni ndefu, ikanisamehe. Nilipofika Mafia niliazima mizani dukani, nikapima gunia moja: kilo 62. Pigeni wenyewe, mara 18. Nilibeba kilo 216 nisizozijua, sawa na watu wazima watatu waliojificha nyuma kabisa.

Nani kanidanganya? Hakuna. Wabongo wote tunajua lumbesa ni nini, gunia lililoshindiliwa kupita kipimo chake. Tunailaumu kila siku kwa ajili ya mkulima, tukifika uwanjani tunaisahau.

Tangu siku ile nilipima kila kitu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwenye mzigo anakwambia, "Kijana, mwenzako jana kabeba." Bosi anapiga simu: "Unaogopa nini?" Msibishane naye habari za uoga, mtashindwa, kwa sababu yeye ana kampuni na ninyi mna saa 300. Msomeeni namba tu. "Bosi, tumezidi kilo 140. Nishushe magunia au nipunguze mafuta? Nikipunguza mafuta, Mafia ikifungwa na mvua sina pa kwenda." Wa kwangu alinyamaza, akatukana kidogo, akasema shusha. Wiki mbili hakunisalimia.

Mkirudi na pweza na samaki, angalieni barafu. Inayeyuka, maji ya chumvi yanatiririka chini ya sakafu, na miezi kadhaa baadaye fundi anang'oa ubao na kukuta kutu ya kuogofya. Maboksi yanayovuja yakataeni hapohapo. Mtanunuliwa soda ili mlegeze, soda kunyweni.

Haya, vikaratasi. Wenye 50 nyoosheni mikono… nusu ya ukumbi! Wenye 60? Wewe uliyeandika 55, mdogo wangu, njoo unisaidie kulinyanyua hili gunia, mizani ipo chini ya meza. Polepole, mgongo wako bado tunauhitaji. Usinisomee mimi, wasomee wenzako kwa sauti.