Sanduku la Guka na Picha za Dokiyadi ya Kisumu

Akinyi: Haya wasee tumerudi. Mwas leo ameingia studio na sanduku la bati kama mtoto wa bodingi, kwani umefungiwa nyumba?

Mwas: (anacheka) Ni la guka bana, babu yangu. Alikuwa fundi wa reli, wakamhamisha Kisumu, akapiga kazi dokiyadi, pale meli zinaundwa, miaka mingi, na hizi picha zimekaa juu ya kabati tangu atuache. Cheki hii.

Akinyi: Woi! Hiyo ni meli ama mbavu za ng'ombe?

Mwas: Meli, haijavishwa mabati tu. Si unajua meli kubwa haiwezi toka baharini ifike Lake Victoria, so zilikuwa zinaundwa Scotland, zinafunguliwa vipande, zinaletwa Mombasa, zinapanda treni mpaka Kisumu, halafu kina guka wanaanza kuziunga upya kipande kwa kipande. Ile Victoria ya 1961 ilikuja hivyo.

Akinyi: Si ndio hiyo bado iko Mwanza, New Victoria Hapa Kazi Tu?

Mwas: Hiyo hiyo! Na ile meli ya kitambo, William Mackinnon, iliingia maji 1900, reli yenyewe ikafika Kisumu Disemba 1901, so vipande vilimalizia safari na wapagazi. Chuma ya meli, mtu anabeba!

Akinyi: Aki. Na hawa kumi na moja wamesimama mbele ni kina nani?

Mwas: Geuza nyuma. Imeandikwa "Kisumu" basi. Kuna ingine ya mzungu na kofia, huyo jina lake liko, mpaka cheo.

Akinyi: Eh. Mi ningezipiga na simu nitupe kwa grupu ya familia mbio.

Mwas: Nilifanya hivyo, flashi ikang'aa katikati ya picha, WhatsApp ikazibana, ukizumu uso unaona uji. Sasa naskani dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi, na nikituma natuma kama dokumenti. Na msivute picha imeshikana na kioo cha fremu, nilivuta moja uso wa guka ukabaki kwa kioo, sikulala siku hiyo. Iskani tu ikiwa humo ndani.

Akinyi: Pole. Na zile albamu za kunata?

Mwas: Hizo ni adui, gundi yake inakula picha polepole. Pitisha uzi wa meno chini ya picha, ikikataa iache. Majina andika nyuma na penseli laini, peni inatokea mbele.

Akinyi: Majina utatoa wapi sasa? Ngoja, kaka ya dani, nyanya yangu, alikuwa anachomelea vyuma hapo dokiyadi. Yuko Nyalenda, hapo Kisumu, ila kwa simu hasikii kabisa.

Mwas: Yuko?! Na umenyamaza muda huu wote! Mimi naprinti kubwa, twende tukamrekodi. Tupande treni.

Akinyi: Usiku mzima kwa treni?

Mwas: Nabeba chapati.

Akinyi: Za mamako? Basi nunua tiketi.