Mpira Umfikie Kila Mtoto: Besiboli katika Mitaa ya Ndani ya Jiji

Ndugu wazazi, walimu, na ninyi mliojitolea kufundisha, asanteni kwa kufika.

Tumtazame mtoto wa miaka minane anayekuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Anapangwa mwisho kabisa, upande wa kulia, ambako mpira haufiki. Zamu yake ya kupiga inapowadia, mrushaji, ambaye naye ana miaka minane, anarusha mipira minne mibovu, ambayo kwa kanuni humpa mpigaji kituo cha kwanza bure, na mgeni wetu anatembea hadi huko bila gongo lake kugusa kitu. Saa mbili zinakatika hivyo. Wiki inayofuata yuko kwenye mpira wa kikapu, ambako mpira anaushika kila dakika. Kisha inasemwa kwamba watoto wa mjini hawaitaki besiboli.

Si kweli. Mtoto huyo alinyimwa mchezo akiwa ndani ya uwanja.

Hasara yake tunaiona juu kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wamarekani weusi walikuwa karibu asilimia 18 ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Marekani. Miaka ya karibuni ni kama asilimia 6. Mwaka 2022, World Series, fainali ya ligi hiyo, ilichezwa bila mchezaji mweusi mzaliwa wa Marekani katika kikosi chochote kati ya viwili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1950. Fedha zina mchango mkubwa, kwa sababu vipaji siku hizi vinatafutwa kwenye timu za kusafiri, na asiye na ada wala nauli haonekani. John Young, aliyewahi kuichezea Detroit Tigers kisha akawa mtafuta vipaji, aliliona hilo mapema. Mwaka 1989 alianzisha kusini mwa Los Angeles mpango wa RBI, wa kufufua besiboli katika mitaa ya ndani ya miji, na mwaka 1991 Ligi Kuu ikaanza kuusimamia. CC Sabathia, mtoto wa Vallejo, California, aliyekuja kuwa mrushaji maarufu wa Ligi Kuu, alipitia humo.

Lakini mpango haumfundishi mtoto kushika gongo. Anayemfundisha ni wewe, Jumanne saa kumi jioni, kwenye kipande cha lami nyuma ya shule. Tuzungumzie hicho kipande cha lami.

Uwanja rasmi wa Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto, kwa watoto hadi miaka 12 una mita 18.3 kati ya kituo na kituo, na mrushaji husimama mita 14 kutoka kwa mpigaji. Msiusubiri. Upo mchezo uitwao Baseball5, wenye wachezaji watano kila upande, vituo vilivyoachana mita 13, na mpira wa raba unaopigwa kwa mkono mtupu. Hauhitaji gongo wala glavu. Wiki mbili za huo zinamfundisha mtoto lini akimbie, lini abaki kituoni, na mpira autupe wapi. Akija kushika gongo, nusu ya mchezo tayari anaijua.

Sasa mazoezi yenyewe. Tuseme una watoto 24 na saa moja na robo. Wagawe makundi manne ya watoto sita, kila kundi dakika 12 kwenye kona yake, kisha wabadilishane: kona moja ya kupiga, moja ya kurusha, moja ya kuokota mipira inayobiringika, moja ya kukimbia vituo. Dakika zinazobaki ni za mechi fupi. Kwenye kona ya kupiga weka stendi tatu za kukalishia mpira mbele ya uzio na mipira ya tenisi iliyochakaa. Mmoja anapiga, mwenzake anampangia. Kila mmoja akipata dakika sita, hupiga kama mara 30. Mtoto wetu wa mwanzo, katika mechi yake ile ya kwanza, hakupiga hata mara moja.

Stendi si lazima inunuliwe. Koni ya barabarani iliyochomekwa kipande cha bomba la raba inatosha, ilimradi mpira ukae usawa wa kiuno. Kosa ninaloomba mliangalie sana ni mahali mtoto anaposimama. Wengi humsimamisha stendi ikiwa mbele ya kitovu chake. Hapo mikono inabanwa, anaukata mpira kwenda chini, na anajiona hawezi. Mrudishe nyuma hatua moja, stendi ilingane na mguu wake wa mbele. Mara nyingi pigo la pili tu linakwenda.

Gongo nalo lipimwe. Mwambie alishike kwa mkono mmoja, aunyooshe pembeni usawa wa bega, uhesabu hadi 20. Mkono ukianza kutetemeka na gongo kushuka, ni zito kwake. Na gongo lisishikwe na asiyevaa helmeti. Baada ya kupiga, watoto hulitupa nyuma bila kuangalia, nalo humpata aliye karibu. Weka tairi kuukuu kando ya njia ya kukimbilia, na kila mpigaji alidondoshe humo.

Hofu ya mpira ndiyo inayowaondoa watoto kimyakimya, hasa waliochelewa kuanza. Utaiona: mpira unakuja, uso unageuka pembeni, glavu inabaki peke yake. Kumkemea kunaongeza hofu. Mvue glavu, mrushie mpira wa tenisi kutoka mita tatu, audake kwa mikono miwili. Akizoea, tumia mpira laini, kisha glavu. Mpira ulio juu ya kifua, vidole vya glavu vitazame juu. Ulio chini ya kiuno, vitazame chini. Mpira mgumu ni wa mwisho kabisa.

Glavu za timu zikae kwenye begi moja la pamoja, ili asiye na kitu asijulikane. Katika kila glavu 12, mbili ziwe za watoto wanaorushia mkono wa kushoto. Bila hizo, mtoto wa mashoto hulazimika kudaka, kuvua glavu, kisha kurusha, na kila mara anachelewa. Ataambiwa ni mzito, kumbe glavu ndiyo si yake.

La mwisho ni bega na kiwiko. Mifupa ya mtoto bado ina sehemu laini za kukua, na kurusha kupita kiasi huziumiza. Little League inaruhusu mipira 50 kwa siku kwa mrushaji wa miaka 7 na 8, 75 kwa wa 9 na 10, na 85 kwa wa 11 na 12. Akifikisha 66, apumzike siku nne kamili bila kurusha kwenye mechi. Shida huja mtoto mwenye kipaji anapochezea timu mbili, na kila kocha anahesabu ya kwake tu. Kwa hiyo hesabu isikae kwenye daftari la kocha. Iandikwe kwenye kadi, tarehe na idadi, na kadi aitunze mzazi. Kocha wa timu yoyote aiombe kabla hajampa mtoto mpira.