Elfu Sita za Mtoto Mmoja

Ndugu Mwenyekiti, mada niliyopewa ni vipaumbele vya bajeti ya taifa. Nitaanza na chaki. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Chekeni tu, nitaacha kuisema siku itakapofika ya kutosha.

Mwaka 2002 MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, inaanza, ada ya shule ya msingi imeshafutwa, na serikali inaahidi ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Dola wakati ule ilikuwa inakaribia shilingi 1,000, basi ikaandikwa 10,000. Hapo ndipo tulipojifunga: dola ikaenda zake, shilingi zetu zikabaki palepale. Elimu Bila Malipo inaanza Januari 2016, dola imeshapita shilingi 2,000, ruzuku ni ileile 10,000. Tena 4,000 zinabaki juu, serikali kuu, kwa ajili ya vitabu. Shuleni zinaingia 6,000. Gawanya kwa miezi 12 upate shilingi 500 kwa mtoto.

Shule ya watoto 600, basi, inaendeshwa kwa laki tatu kwa mwezi. Mwalimu mkuu mmoja alinifungulia daftari lake la matumizi. Chaki. Karatasi. Kurudufu mitihani. Kitasa cha ofisi. Dawa ya choo. Halafu nauli ya kwenda wilayani, kupeleka taarifa ya jinsi laki tatu zilivyotumika! Hiyo nauli ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, mara mbili. Nikamuuliza, "Na madawati yaliyovunjika, mwalimu?" Akafunga daftari, akaniuliza kama nitakunywa chai. Chai ya kwake, si ya shule.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema: mbona madarasa yamejengwa? Yamejengwa, sikatai. Mkopo wa kukabiliana na UVIKO, yaani korona, mwaka 2021 peke yake ulijenga 15,000, kila moja milioni 20, na watoto walikuwa wanayahitaji kweli. Ila piga hesabu: milioni 20 ni ruzuku ya mwaka mzima ya watoto 3,333. Darasa lina utepe wa kukata na kibao cha jina la mgeni rasmi. Chaki nani ataizindua?

Mwingine atasema wazazi wachange. Wanachanga! Wanachangia mlinzi, uji, mitihani ya kila wiki. Mchango wenyewe unaitwa wa hiari, lakini mtoto wa asiyechanga anajulikana darasa zima. Hiyo ni ada, imebadilishwa jina tu.

Ninachotaka ni kitu kimoja: kiwango cha ruzuku kipitiwe kila mwaka kulingana na bei za sokoni, kabla ya kitabu cha bajeti kufika Dodoma. Si kuachwa palepale miaka 14.

Nilikuwa nizungumzie pia fedha zinazofika halmashauri Juni katikati, zikatakiwa kuisha kabla ya tarehe 30, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, tunazozisoma kama magazeti ya udaku halafu tunazifungia maandazi. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya.

Kesho pita shule iliyo karibu nawe, usome ubao wa matangazo. Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa pale. Ukikuta patupu, muulize mwalimu mkuu kwa upole, huenda karatasi zimekwisha.